Joho la hariri la Bukhara: nitajuaje kama ni la zamani kweli?

Binti Kariakoo

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa haraka maana kesho kutwa narudi Dar na muuzaji kaniwekea mzigo mpaka kesho jioni tu. Mimi huwa nakuja Istanbul mara mbili tatu kwa mwaka kufuata nguo za jumla pale Laleli, safari hii nimemaliza mapema nikasema ngoja nizunguke lile soko kuu la zamani lililoezekwa, sina hata nia ya kununua kitu, nikapita mbele ya duka moja la vitambaa nikaona joho limetundikwa ukutani, jamani miguu iligoma kwenda. Rangi yake ni damu ya mzee, juu yake kuna miduara mikubwa ya bluu iliyoiva na njano na nyeupe, halafu zile kingo za mauaua hazijakatika, yaani zinapotea polepole kama wingu linavyochanika angani. Sio chapa, sio darizi, nimeuza vitambaa miaka 11 na hii kitu sijawahi kuishika.

Muuzaji anasema ni ikati ya Bukhara, mji wa Uzbekistan, ina miaka 150, hariri tupu. Alianza dola 1,600 nimemshusha mpaka 1,100. Sio kwa biashara, nataka iwe yangu, na kama ni ya kweli nataka nianze kukusanya taratibu hivi vitu kila nikija huku. Maswali yangu: nitajuaje kama ni ya zamani kweli na sio ya juzi iliyozeeshwa? Na hii inatofautiana nini na batiki yetu ya kufunga? Halafu inanuka kabati la zamani, naweza kuifua kidogo na sabuni ya maji?

Fundi Mishono

Salaam dada. Kwanza USIFUE, tafadhali sana. Hilo tulimalize kabla ya mengine.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mombasa mwaka wa 22 huu, hayo majoho nimeyashika mawili, yalikuwa ya mama mmoja anaishi Muscat alitaka nimshonee bitana iliyoachia. Nikwambie tofauti na batiki. Batiki wewe una kitambaa tayari, unafunga fundo, unachovya rangi, unafungua. Hawa wenzetu wa ikati wanafunga UZI kabla hakijakuwa kitambaa. Wanatandaza mtande wote wa hariri, yaani nyuzi za urefu, fundi anachora kwa mkaa mahali ua litakapokaa, halafu wanafunga zile sehemu kwa kamba kaza kaza wanachovya, wanafungua wanafunga pengine wanachovya tena rangi ya pili, na ya tatu, mpaka uzi mmoja unakuwa na rangi nne tano kwa urefu wake. Ndo unapandishwa kwenye mtambo unafumwa na mshindio, yaani nyuzi za upana, wa rangi moja. Ile kingo ya wingu unayoiona ni rangi iliyopenya chini ya kamba na kukimbia kwenye uzi, kwa hiyo itakimbia upande wa urefu wa kitambaa tu. Kwa upana utaona mchoro unaenda kwa ngazi ngazi. Ukiona wingu linavuja pande zote sawasawa hiyo ni chapa ya mashine imeiga.

Sasa kesho fanya hivi. Omba ruhusa ugeuze joho ndani nje, tafuta mahali pindo limeachia ndani, lazima pawepo, utaona nyuzi zimetoka. Vuta mmoja wa mtande kama urefu wa kidole. Kama ni ikati ya kweli utaona uzi huo mmoja unabadilika rangi, nyekundu kidogo, nyeupe, bluu. Halafu vuta wa mshindio, huo uwe rangi moja mwanzo mwisho. Kama mshindio nao una mabaka ya rangi, rudisha joho ukutani uende zako. Na chungulia upande wa nyuma wa kitambaa, ikati mbele na nyuma ni karibu sawa, chapa nyuma inapauka.

Vipande vya nyuzi ulivyovuta uvichome kwa kiberiti ukiwa nje. Hariri inanuka nywele zilizoungua na inaacha kajivu kanakosagika, pamba inanuka karatasi. Kitu cha plastiki kitayeyuka kifanye kidonge kigumu.

Kuna wanaolowesha kitambaa cheupe wanasugua kuona kama rangi inatoka, unaweza kujaribu pia pembeni.

Mzee wa Chorsu

Binti, umenikumbusha mbali. Nilisoma uhandisi wa umwagiliaji Tashkent kuanzia 1982 mpaka 1987, tulikuwa Waafrika wengi tu pale enzi za Usovieti, na hicho kitambaa ndicho kitu cha kwanza nilichokiona nikiwa bado na begi mkononi. Wanawake sokoni Chorsu karibu wote wamevaa magauni ya mistari ya wingu, manjano na kijani na zambarau, macho yanauma. Ile wanaita khan-atlas. Na hapa nawaambia vijana kitu, sisi kwenye Kiswahili tuna neno atlasi na tuna neno mahameli, Wauzbeki wanasema atlas na baxmal, na sanduku wao wanaita sandiq. Nilipofika nilijifunza majina ya vitambaa haraka kuliko wenzangu wa kutoka bara lote.

Wenyewe hawasemi ikati, hilo neno limetoka kwa Wamalei likaenea kwa wazungu. Kule wanasema abr, kwa Kiajemi maana yake wingu, na kazi yenyewe abrbandi, kufunga mawingu. Kwa hiyo ulivyoandika wingu linachanika umeita kitu kwa jina lake bila kujua.

Rafiki yangu wa bwenini alikuwa mtu wa bonde la Fergana, karibu na mji wa Margilan, likizo alinichukua kwao. Bibi yake alikuwa na sanduku la bati lenye maua, siku moja akalifungua mbele yangu akatoa mfarishi wa pamba mzito, wa kulalia, upande wa juu umeungwa kwa vipande vya adras ya mama yake. Adras ni ile yenye mtande wa hariri na mshindio wa pamba, na ukipitisha kucha juu yake unasikia mikwaruzo midogo midogo ya mbavu za pamba chini ya hariri. Akaniwekea mkono wangu pale nisikie. Halafu akakunja kona karibu na dirisha, ikang'aa kama imepakwa maji. Mjukuu akanitafsiria kwamba zamani adras ikishafumwa inapakwa ute wa yai halafu wanaume wawili wanaipiga kwa nyundo za mbao juu ya gogo mpaka ing'ae, na ukiinyeshea mvua mng'ao unaondoka haurudi. Ndo maana fundi kakwambia usifue, ana haki.

Na huyo muuzaji akisema hariri tupu usishangae ukikuta pamba, wala usione umeibiwa. Waislamu wanaume wengi walikuwa hawapendi hariri tupu iguse mwili, sheria inajulikana, kwa hiyo hicho cha nusu kwa nusu kilikuwa na soko kubwa sana. Adras nzuri ya zamani ina heshima yake kamili.

Kuhusu nani alitengeneza, hii ilikuwa kazi ya mji mzima. Rangi za moto, nyekundu na njano, walikuwa na watu wao. Nyekundu ilitoka kwenye mizizi ya mmea unaitwa ruyan au kwa vidudu vidogo vinavyosagwa, njano kwenye maua ya nyikani yanaitwa isparak. Nili ilisafirishwa kutoka India kwa misafara, na wapakaji wa nili Bukhara na Samarkand walikuwa hasa Wayahudi wa pale, ulikuwa unawajua kwa mikono ya bluu. Mchoraji ni mwingine, mfungaji mwingine, mfumaji mwingine. Joho moja limepita kwa watu wa lugha tatu na dini mbili kabla halijafika kwa mshonaji. Mimi hilo ndilo linalonishika zaidi ya uzuri wake.

Nyuzi na Nili

Dada Binti Kariakoo karibu kwenye huu ugonjwa mzuri. Niko Maryland, nakusanya ikati za Asia ya Kati mwaka wa tisa sasa, vipande vingi na majoho matatu tu. Nilianza baada ya kwenda Washington 2018 kuona zile za mkusanyaji Guido Goldman pale makumbusho ya Sackler, na kabla ya hapo, mwaka 2010, Textile Museum, makumbusho ya vitambaa ya huko huko, walionyesha alizowapa mkusanyaji Murad Megalli, hiyo sikuiwahi inaniuma mpaka leo.

Fundi, nakuheshimu sana na kipimo chako cha uzi ndicho bora kuliko vyote, lakini hilo la kulowesha na kusugua hapana. Nyekundu ya zamani inaweza kutoka kidogo na ikawa ya kweli, na mng'ao wa yai ambao mzee kauelezea utauua kwa dakika moja, unabaki na baka la ukungu milele. Kama joho sio lako bado ndo kabisa usilowanishe.

Sasa umri. Miaka 150 inapeleka mpaka miaka ya 1870, wakati Warusi wameshachukua Tashkent 1865 na Samarkand 1868, na baada ya hapo rangi za kiwandani za Ulaya zikaanza kumiminika. Kwa hiyo swali lako kubwa ni rangi. Fungua mshono wa ndani pale jua halijafika, kwenye kwapa au chini ya ule ukanda unaoshonwa ndani ya pindo, linganisha na nje. Rangi za mimea zikipauka zinapauka kwa adabu, nyekundu inakuwa tofali, njano inakuwa maziwa, zinabaki ndugu. Ukikuta ndani kuna waridi kali au zambarau inayopiga kelele na nje pale pale pamekuwa kijivu, hiyo ni anilini, rangi ya kiwandani, basi ni miaka ya 1880 au 1890 kuja huku, inaweza kuwa hata 1920. Hiyo sio feki. Ni ya kale, ila sio ya umri anaoutaja, na bei ifuate umri.

Angalia bitana pia, na hii ndo sehemu wengi wanaipita haraka kumbe inasema sana. Majoho mengi yana bitana ya pamba ya chapa ya Urusi, maua makubwa ya waridi juu ya nyekundu, ilikuwa inaletwa kwa wingi kutoka viwanda vya kule. Wakati mwingine kwenye ukingo wa bitana utakuta hata muhuri wa kiwanda. Ukikuta chapa ya ndege au trekta ujue hiyo bitana ni ya Usovieti, mwisho wa miaka ya 1920 mwanzo wa 1930. Lakini chunga, bitana hubadilishwa, joho la 1870 linaweza kuwa limevalishwa bitana ya 1930, na wajanja wanachukua bitana ya zamani ya kweli wanaishonea kitambaa kipya cha Margilan. Mimi ndivyo nilivyopigwa la kwanza. Nilinunua kwa njia ya posta kwa muuzaji mmoja ambaye simtaji, picha zote zilikuwa za bitana, nikalewa maua yale. Lilipofika nikahisi kitambaa cha juu kigumu kimenyooka, hakuna mshono wa kuunganisha mpaka pembeni kabisa, upana unakaribia mita. Mtambo wa zamani unafuma chembamba, sentimita 40 hivi, kwa hiyo joho la kweli lina mishono mingi ya vipande virefu, na mara nyingi maua hayakutani sawasawa kwenye mshono, washonaji hawakuhangaika na hilo. Nilikaa nalo kitandani usiku mzima nasikia aibu na hasira, halafu nikaanza kujifunza mishono. Pima upana wa kipande kesho, dada, nenda na futi kamba.

Kingine ni mishono ya mashine isikutishe peke yake, cherehani za Singer zilishafika dola lote la Urusi mwisho wa karne ya 19. Na tazama kingo, majoho mazuri yana kamba nyembamba iliyofumwa kwa mkono kuzunguka shingo mpaka chini. Mikono ikiwa mirefu kupita vidole ndivyo ilivyokuwa. Kama kwapani kumekusanywa marinda, hilo ni la kike, wanaliita munisak, lilivaliwa harusini na msibani, na hizo zinatafutwa sana.

Mahameli sitaiongelea sana maana kwa dola 1,100 hukuti, ile ndo kilele, mtande wa manyoya yake unatakiwa urefu mara kadhaa ya kitambaa kwa hiyo mchoraji anachora ua likiwa limevutwa refu mno ili likifumwa lijirudishe kuwa ua. Enzi za Usovieti ilikaribia kufa kabisa, mafundi wa Margilan wameifufua.

Mwisho karatasi. Uzbekistan kitu cha zaidi ya miaka 50 hakitoki bila cheti cha serikali, ukienda kununua kule mwenyewe kumbuka. Uturuki nayo ni wakali na vitu vya kale, muulize muuzaji risiti yenye maelezo kamili na kama anatakiwa kukupa hati ya kutolea nje, akianza kukwepa macho wewe toka.

Fundi Mishono

Nimekubali la kulowesha, nalifuta. Yale mawili ya mama wa Muscat moja lilikuwa na baka kama hilo la ukungu mgongoni, sikujua sababu mpaka leo.

Binti Kariakoo

Wakuu nimerudi, nipo hotelini nimekaa sakafuni na joho mbele yangu juu ya shuka.

Asubuhi nilifika dukani na futi kamba na kiberiti, yule baba akanitazama, nikamweleza kwa heshima nataka kuona ndani, akaita chai akanipa kiti. Vipande vina upana wa sentimita 41, viko vinne mgongoni na kifuani, na miduara haikutani kabisa pale mgongoni katikati, upande mmoja umepanda kama nusu kiganja. Nikapitisha kucha, mzee, NIMESIKIA hizo mbavu. Chini ya pindo nikapata nyuzi zimeachia, nikavuta mmoja, jamani uzi mwembamba kama unywele una nyekundu halafu nyeupe kidogo halafu bluu halafu nyekundu tena, nikashindwa kuongea. Mshindio ni njano chafu mwanzo mwisho. Nikatoka nje nikachoma, wa kwanza nywele, wa pili karatasi. Kwa hiyo ni adras, sio hariri tupu.

Halafu kwapani. Kati ya miduara kuna mistari ambayo nje ni kama majivu, nilidhani ndo rangi yake, kufungua ule ukanda wa ndani nikakuta ni waridi kali kama la kanga mpya. Nikamwonyesha baba mwenyewe, nikamwambia hii ni ya baada ya 1880, pengine 1900 na kitu, sio miaka 150. Akakaa kimya akatazama kwa muda, akasema mteja wa kwanza kumfungulia hapo ni mimi. Tumemalizana kwa dola 820, na risiti ameandika ni joho la adras lenye rangi za kiwandani, mwisho wa karne ya 19 au mwanzo wa 20, na ameniandikia hati ya kutolea nje, tumeenda naye kugongewa muhuri leo hii hii.

Bitana ni waridi za Kirusi kama mlivyosema, imechanika shingoni.

Sasa kuna kitu nataka kuuliza. Kwenye mkono wa kulia ndani ya kwapa kuna kiraka, kidogo kama kadi ya simu, ni ikati nyingine kabisa, ya kijani na njano, bora kuliko joho lenyewe nikisema ukweli. Kimeshonwa kwa mkono, mishono midogo sana, nimehesabu 14 upande mmoja, uzi mweupe. Nje hakionekani hata ukiinua mkono. Nikitoe nikihifadhi peke yake kwa kuwa kinaonekana cha zamani zaidi, au nikiache? Na nitunze vipi, Dar joto na unyevu mnaujua.

Nyuzi na Nili

Hongera sana dada, umefanya kazi ya mtaalamu. Kiraka kiache hapo hapo. Kijani na njano kwenye adras inaweza kuwa ya kizazi cha nyuma kweli, mabaki ya joho la mama au bibi yalikuwa hayatupwi, lakini ukikitoa unabaki na kipande kisicho na habari na joho lenye tundu. Kipige picha kwa karibu, andika kimekaa wapi.

Utunzaji usitundike, uzito wa pamba unachana hariri mabegani, na kama kuna sehemu za kahawia nyeusi ndo dhaifu zaidi usizikunje. Nunua marekani nyeupe, kile kitambaa cha pamba tupu, ifue mara mbili bila wanga ipungue dawa, tandaza joho juu yake, weka visoseji vya marekani hiyo hiyo, vipande ulivyoviringisha, ndani ya mikono na kwenye kila mkunjo, ili mikunjo iwe ya mviringo isibanwe. Usiweke kwenye mfuko wa nailoni kwa joto la Dar litapata ukungu. Sio kabati la ukuta wa nje, sio karibu na dirisha. Naftalini isiguse kitambaa. Kila miezi mitatu lifungue siku kavu, ulitazame, ubadilishe mahali pa mikunjo. Harufu itaondoka yenyewe kwa hewa.

Mzee wa Chorsu

Binti, yule bibi wa Margilan mfarishi wake ulikuwa na vipande zaidi ya 60, na kila kimoja alikuwa anakiwekea kidole anataja mtu. Huyo wa kiraka chako naye alikuwa anamjua mwenye kijani na njano. Ukifika Dar tuwekee picha ya kiraka, ninaye bado yule rafiki yangu Fergana, nitamtumia amwonyeshe dada yake ambaye anafuma, pengine ataujua mchoro.

Binti Kariakoo

Kinabaki. Mzee picha hizo nakutumia usiku huu huu, nimepiga tano, na moja nimegeuza upande wa nyuma maana nyuma rangi ya kijani ndo imeiva zaidi. Marekani nitapita kuichukua mtaa wa Uhuru Jumatatu.